Hadubini ya Hologramu: Jinsi Nuru Inavyopima Kimo cha Nyuso na Mtetemo wa Vitu Vidogo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza utendaji kazi wa hadubini ya hologramu ya kidijitali, chombo kinachotumia nuru kupima miinuko na mabonde ya nyuso pamoja na mitetemo yake, kwa usahihi wa nanometa. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya chombo hiki haimo katika kukuza picha, bali katika kurekodi kuchelewa kwa nuru, habari ambayo jicho na kamera ya kawaida huipoteza. Aidha, makala yanaonyesha kwamba istilahi za Kiswahili katika uwanja huu haziwezi kuteuliwa vyema bila kwanza kuelewa jambo lenyewe linavyotendeka.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fonetiki hufundishwa mapema kwamba sauti ghuna hutokea pale nyuzi sauti zinapotetema, kwamba mtetemo huo husafiri hewani, na kwamba hatimaye hukifikia kiwambo cha sikio la msikilizaji, nacho kikatetema. Maelezo ya darasani aghalabu huishia hapo. Ni nadra kuulizwa: je, kiwambo hicho husogea umbali gani?

Jibu lake linashangaza. Katika mazungumzo ya kawaida, msogeo wa kiwambo hupimwa kwa nanometa, na mara nyingine haufiki hata nanometa moja. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanometa 50,000 hadi 100,000 hivi. Kwa hiyo kila neno, liwe la salamu au la matusi, humfikia msikilizaji kupitia msogeo ulio mdogo mara elfu nyingi kuliko unene wa unywele.

Msogeo wa namna hiyo hupimwaje? Rula haifai. Sindano ya kupimia ikikigusa kiwambo itakuwa imekwisha kuubadilisha mtetemo wenyewe. Hadubini ya kawaida, ile ambayo wanafunzi wa shule za upili huitumia kuchunguzia seli za kitunguu, hukuza upana na urefu wa kitu, lakini haisemi kitu hicho kimeinuka au kimezama kwa nanometa ngapi. Kilichohitajika ni chombo kisichogusa, kinachoona uso mzima kwa mara moja, na kinachopima kimo. Hadubini ya hologramu ya kidijitali ni chombo cha aina hiyo.

2.0 Nuru kama Wimbi: Ukali na Awamu

Ili kuelewa chombo hiki, ni muhimu kwanza kutofautisha sifa mbili za wimbi. Mfano wa kinu unafaa. Watwangaji wawili wanaposhirikiana kinu kimoja, michi yao hupanda kufikia kimo kimoja na hushuka kwa kasi moja. Hata hivyo, haipandi pamoja: mchi wa kwanza ukiwa juu, wa pili huwa chini. Nguvu ya pigo ni jambo moja. Mahali mchi ulipofika katika safari yake ya kupanda na kushuka ni jambo jingine. Michi miwili yaweza kulingana kabisa kwa nguvu na bado ikapishana kwa wakati.

Nuru nayo ni wimbi lenye sifa hizo mbili. Sifa ya kwanza ni ukali wake, yaani jinsi inavyong'aa au kufifia. Sifa ya pili ni awamu, yaani mahali wimbi lilipofika kati ya kilele na bonde lake katika nukta fulani ya wakati. Nuru nyekundu ya leza ya heli na neoni, inayotumiwa sana katika maabara, ina urefu wa wimbi wa nanometa 633, na hupanda na kushuka takribani mara trilioni 474 kwa sekunde. Hakuna jicho, filamu wala kamera iwezayo kuufuata mwendo huo. Vyote hukusanya nuru kwa muda fulani na kuripoti ukali wake tu. Awamu hupotea.

Hasara hiyo si ndogo. Chukua kioo kinachong'aa chenye shimo la kina cha nanometa 100. Nuru inayorudi kutoka ndani ya shimo ina ukali uleule wa nuru inayorudi kutoka ukingoni, kwa hiyo picha ya kawaida haitaonyesha tofauti yoyote. Lakini nuru iliyoingia shimoni imesafiri nanometa 100 zaidi kwenda na nanometa 100 zaidi kurudi. Imechelewa kwa nanometa 200, karibu thuluthi moja ya wimbi zima. Habari ya kina cha shimo imo katika kuchelewa huko, na huko ndiko ambako kamera haioni.

3.0 Chimbuko la Hologramu

Aliyepata njia ya kuihifadhi awamu ni Dennis Gabor, mwanafizikia aliyezaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1900. Mnamo mwaka 1947 Gabor alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya umeme ya British Thomson-Houston mjini Rugby, Uingereza. Nia yake haikuwa kutengeneza picha za kustaajabisha. Alitaka kuiboresha hadubini ya elektroni, ambayo lenzi zake zilikuwa na kasoro zilizoharibu picha. Alijiuliza: kwa nini isichukuliwe kwanza rekodi mbovu lakini iliyo kamili, yenye habari zote za wimbi, kisha kasoro zirekebishwe baadaye kwa nuru?

Suluhisho lake lilikuwa kulikutanisha wimbi lililotoka kwenye kitu na wimbi jingine lisiloguswa, linalojulikana vyema. Mawimbi mawili yanapokutana, kilele kikaangukia kilele, nuru huongezeka. Kilele kikiangukia bonde, nuru hufifia. Matokeo yake ni milia myeupe na myeusi, mfano wa milia ya punda. Kwa njia hii awamu, isiyoonekana, hugeuzwa kuwa tofauti ya ukali, inayoonekana. Filamu ikiinasa milia hiyo imenasa pia habari za awamu. Gabor aliiita rekodi hiyo hologramu, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya kitu kizima na maandishi. Alichapisha wazo hilo mwaka 1948, na mwaka 1971 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Kati ya miaka hiyo miwili kulikuwa na kipindi kirefu cha ukame. Milia hupatikana tu iwapo mawimbi yamepangika vizuri, na taa ya zebaki aliyoitumia Gabor ilikuwa dhaifu kwa kazi hiyo. Aidha, katika mpangilio wake, sura halisi ya kitu ilifunikwa na sura pacha isiyotakiwa. Leza ilipoundwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960, nuru iliyopangika ilipatikana. Mwaka 1962 Emmett Leith na Juris Upatnieks wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba wimbi la rejeleo likiletwa kwa mshazari, sura pacha hutengana na sura halisi. Mbinu hiyo ya mshazari ingali msingi wa hadubini nyingi za hologramu za leo.

4.0 Kutoka Filamu hadi Tarakimu

Hologramu za mwanzo zilinaswa kwenye filamu au bamba la kioo lililopakwa dawa. Kila rekodi ilihitaji kusafishwa kwa kemikali gizani, kisha kumulikwa tena kwa leza ili sura ionekane. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole, na kilichopatikana mwishoni kilikuwa sura ya kutazamwa, si tarakimu za kukokotolewa.

Wazo la kuiachia kompyuta kazi ya kuijenga upya sura lilijaribiwa mapema. Joseph Goodman na R. W. Lawrence waliliripoti mwaka 1967, lakini kamera na kompyuta za wakati huo zilikuwa hafifu. Ilichukua zaidi ya robo karne kabla ya Ulf Schnars na Werner Jüptner, nchini Ujerumani, kuripoti mwaka 1994 hologramu iliyonaswa moja kwa moja na kamera ya elektroniki na kujengwa upya kwa hesabu. Mwaka 1999 Etienne Cuche, Frédéric Bevilacqua na Christian Depeursinge, waliokuwa Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba hologramu moja tu ya kidijitali inatosha kutoa ukali na awamu ya nuru kwa pamoja, tena kwa tarakimu. Hapo hologramu ilikoma kuwa sura ya kustaajabia ikawa kipimo.

5.0 Muundo na Utendaji Kazi

Vipengele vya hadubini hii ni vichache. Mwale wa leza hugawanywa na kioo kinachopitisha nusu ya nuru na kuakisi nusu nyingine. Nusu ya kwanza, mwale wa kitu, hupelekwa kwenye uso unaochunguzwa, hurudi, na hupitia lenzi ya kukuzia. Nusu ya pili, mwale wa rejeleo, hupita njia yake bila kukigusa kitu. Miale hiyo miwili hukutanishwa mbele ya kamera kwa mshazari mdogo, na kamera hunasa milia inayotokea.

Mtu anayeitazama hologramu hiyo kwenye skrini hataona mengi: mistari myembamba iliyosongamana, iliyopinda hapa na pale. Kupinda huko ndiko kwenye habari. Pale uso ulipo bapa, milia hunyooka. Pale uso unapoinuka au kuzama, nuru huwahi au huchelewa, na mlia husogea.

Kazi ya kuisoma milia hufanywa na kompyuta. Programu hutumia hesabu zinazoitwa kwa jina la Joseph Fourier, mwanahisabati wa Ufaransa aliyezichapisha mwaka 1822 alipokuwa akichunguza mwendo wa joto. Hesabu hizo huchukua mchanganyiko wa mawimbi na kuutenga katika mawimbi sahili yanayouunda. Wanafunzi wa isimu wamekwisha kukutana nazo hata kama hawajui jina lake, kwani ndizo zinazoichambua irabu katika spektogramu na kuonyesha irabu [a] inavyotofautiana na [i]. Katika hologramu, hesabu hizo hutenga sehemu yenye habari za kitu na kuziacha sura pacha na nuru ya ziada. Kinachobaki hukokotolewa ili kupata, kwa kila nukta ya picha, tarakimu mbili: ukali na awamu.

Kuna faida nyingine ya kidijitali. Kwa kuwa wimbi zima limerekodiwa, mtafiti anaweza kulisogeza mbele au nyuma kwa hesabu. Picha iliyonaswa ikiwa na ukungu inaweza kunolewa baadaye bila kurudi maabarani. Nia ya awali ya Gabor, ya kurekodi kwanza na kurekebisha baadaye, ilitimia kwa njia ambayo teknolojia ya mwaka 1947 isingeiruhusu.

6.0 Kupima Sura ya Uso

Baada ya awamu kupatikana, kimo hupatikana kwa hesabu nyepesi. Kwa kuwa nuru huenda na kurudi, wimbi moja zima la kuchelewa ni sawa na tofauti ya kimo ya nusu ya urefu wa wimbi. Kwa leza ya nanometa 633, hiyo ni nanometa 316 hivi. Wimbi likigawanywa kwa nyuzi 360 kama duara, kila nyuzi moja ya awamu huwakilisha kimo cha nanometa 0.88. Hivyo basi, chombo kinachoweza kupambanua nyuzi moja kina uwezo wa kuona ngazi isiyofika nanometa moja, na hufanya hivyo kwa mamia ya maelfu ya nukta kwa picha moja.

Hata hivyo, wimbi hujirudia, na hapo pana mtego. Anayeitazama saa ya ukutani huona kwamba ni saa tatu, lakini akrabu haimwambii imezunguka mara ngapi tangu juzi. Vivyo hivyo, awamu haiwezi kutofautisha kimo cha nanometa 10 na kimo cha nanometa 326. Pale uso unapopanda taratibu, programu huufuata hatua kwa hatua na kuhesabu mizunguko. Lakini pakiwa na ukingo wa ghafla, kama wa kijisahani kilichochongwa kwenye silikoni, hesabu hupotea njia.

Suluhisho linalotumika sana ni kupima kwa rangi mbili za nuru. Mfano wa kalenda unaeleza vyema. Anayejua tu kwamba leo ni Jumatatu hawezi kujua ni Jumatatu ipi, kwa kuwa Jumatatu hurudi kila baada ya siku 7. Akijua pia kwamba ni tarehe 1, uwezekano hupungua mno, kwani Jumatatu ya tarehe 1 haiji mara nyingi. Mizunguko miwili mifupi isiyolingana huzaa mzunguko mmoja mrefu. Kwa rangi za nanometa 633 na 680, mzunguko unaozaliwa ni sawa na wa wimbi la nanometa 9,158 hivi, na masafa ya kimo yanayopimika bila utata hupanda kutoka nanometa 316 hadi takribani 4,579, zaidi ya mara 14. Kasoro ndogo za upimaji nazo hukuzwa kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo kipimo hiki kipana hutumiwa kuamua idadi ya mizunguko, kisha rangi moja ikatoa kimo sahihi.

7.0 Kupima Mtetemo

Kwa kuwa hologramu ya mshazari huhitaji picha moja tu, kitu kinaweza kupimwa kikiwa kinasogea. Kikwazo ni kasi. Kamera ya kawaida hunasa picha 25 au 30 kwa sekunde, ilhali kijidude cha silikoni kinaweza kutetema maelfu au mamilioni ya mara katika sekunde hiyohiyo. Kuna njia kuu tatu za kukabiliana na hali hii.

Njia ya kwanza ni ya wastani wa muda, iliyoelezwa na Robert Powell na Karl Stetson wa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1965. Hologramu huachwa wazi huku kitu kikitetema mara nyingi. Sehemu zisizosogea hung'aa sana. Zinazosogea huzungukwa na miduara ya nuru na giza, na kila mduara huonyesha kiwango fulani cha msogeo. Matokeo hayo yanakumbusha jaribio ambalo Mjerumani Ernst Chladni alilichapisha mwaka 1787: mchanga uliomwagwa kwenye bamba linalopigwa kwa upinde wa fidla hukimbia sehemu zinazotetema na kukusanyika katika sehemu tulivu. Tofauti ni kwamba mchanga huonyesha tu wapi pametulia, ilhali hologramu huonyesha pia pengine pamesogea kiasi gani.

Njia ya pili ni ya kumulika kwa vipindi. Leza huwashwa kwa muda mfupi mno, na kila mara hupatana na nukta ileile ya mtetemo. Kwa mfano wa kinu, ni kama kufumbua jicho tu pale mchi unapofika juu: mchi utaonekana umesimama angani. Muda wa kumulika ukisogezwa kidogokidogo, safari nzima ya mchi huonekana polepole, hatua kwa hatua. Njia ya tatu ni kutumia kamera zenye kasi kubwa, zinazofaa hasa kwa mitetemo isiyojirudia sawasawa.

Mbinu hizi hutumika kuchunguza vijidude vinavyochongwa kwenye silikoni, vikiwemo vihisio vya mwendo vilivyomo ndani ya simu za mkononi, ambavyo huiwezesha skrini kugeuka simu inapolazwa. Kijidude kinachopaswa kuyumba upande mmoja kikiyumba pia upande mwingine, kipimo chake huwa cha uongo, na kosa hilo halionekani kwa hadubini ya kawaida.

8.0 Mifano Miwili: Sikio na Seli ya Damu

Swali lililoulizwa mwanzoni kuhusu kiwambo cha sikio lina historia inayofunza. Georg von Békésy, aliyezaliwa pia Budapest mwaka mmoja kabla ya Gabor, alikipima kiwambo kwa kifaa cha umeme kilichosogezwa karibu nacho, nukta baada ya nukta, na mwaka 1941 akaeleza kwamba kwa sauti zisizo nyembamba sana kiwambo huyumba kama kibao kigumu kinachobembea kwenye bawaba. Békésy alikuwa mtafiti mkubwa, na mwaka 1961 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu sikio la ndani. Lakini mwaka 1972 Shyam Khanna na Juergen Tonndorf, nchini Marekani, walipochunguza viwambo vya masikio ya paka kwa hologramu ya wastani wa muda, waliona jambo jingine. Sehemu mbalimbali za kiwambo zilisogea kwa viwango tofauti, na sauti ilipozidi kuwa nyembamba, mchoro wa mtetemo ulizidi kugawanyika. Kiwambo hakikuwa kibao. Kilikuwa ngozi iliyowambwa.

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kila mpiga ngoma anajua kuwa ngozi iliyovutwa zaidi upande mmoja hailii sawasawa. Hologramu ilionyesha ukweli wa aina hiyo kwa kuwa iliuona uso mzima kwa wakati mmoja. Baadaye watafiti wa Worcester Polytechnic Institute, wakishirikiana na wa hospitali ya macho na masikio ya Massachusetts, waliendeleza uchunguzi huo kwa hologramu za kidijitali, wakiwemo katika sampuli zao viwambo vya binadamu.

Mfano wa pili unagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Plasmodium falciparum ndicho kimelea kinachosababisha sehemu kubwa ya malaria katika eneo hili. Seli nyekundu ya damu iliyo na afya ni laini, na utando wake hutetema wenyewe kwa makumi ya nanometa kutokana na joto. Nuru ikipitishwa katikati ya seli, badala ya kuakisiwa, huchelewa kulingana na unene wa seli na vitu vilivyomo ndani yake. Mwaka 2008 YongKeun Park na wenzake wa Massachusetts Institute of Technology walitumia mbinu za kupima awamu zilizo jamaa ya hadubini hii kuchunguza seli zenye kimelea hicho. Walionyesha kwamba kadiri kimelea kinavyokua, ndivyo utando unavyokakamaa na mtetemo wake kupungua. Ukakamavu huo una uzito wa kitabibu, kwani seli iliyokakamaa hupita kwa shida katika mishipa myembamba ya damu. Utafiti huo ulikuwa wa maabara wala haukuchukua nafasi ya slaidi ya zahanati. Hata hivyo, ulionyesha kwamba ugonjwa unaweza kusomwa katika mtetemo wa nanometa chache.

9.0 Mipaka ya Chombo

Chombo hiki kina mipaka yake. Kwanza, usahihi wa nanometa ni wa kimo tu. Kwa upande wa upana, hadubini hii hufungwa na kanuni zilezile za nuru zinazozifunga hadubini nyingine, na vitu viwili vilivyokaribiana kwa chini ya nanometa mia kadhaa huonekana kama kimoja. Pili, miteremko mikali huiakisi nuru pembeni, nje ya lenzi, na nyuso zenye tabaka angavu huchanganya kuchelewa kwa tabaka moja na kwa jingine. Tatu, nuru ya leza hutoa madoa madogo yanayotia kelele katika kipimo. Nne, chombo kinachopima mitetemo midogo husumbuliwa na mitetemo yote: nyayo za wapita njia na magari ya barabarani. Ndiyo maana mara nyingi huwekwa juu ya meza zilizoundwa kuzuia mitikisiko ya sakafu.

10.0 Suala la Istilahi

Maelezo yaliyotangulia yana funzo kwa wanaistilahi. Ufafanuzi unaokuja haraka wa hologramu ni picha ya pande tatu. Ufafanuzi huo hupotosha. Hologramu yenyewe haina sura ya kutazamika, ni milia. Kilichomo ni rekodi ya wimbi zima, na sura ni mojawapo tu ya mambo yanayoweza kutolewa ndani yake. Anayeshikilia picha ya pande tatu hawezi kueleza jinsi hologramu inavyoweza kupima kiwambo cha sikio.

Tofauti ya hadubini na darubini nayo yafaa kulindwa. Darubini ina asili ya Kiajemi, na maana yake ni kionacho mbali. Kuiita hadubini darubini ni kukipa chombo cha kuchunguza vilivyo karibu jina la kinyume chake. Kwa upande wa awamu, neno lililotoholewa, fezi, lina faida ya kutokuwa na maana nyingine, ilhali awamu limezoeleka katika siasa na miradi, likimaanisha kipindi kimoja katika mfululizo. Hata hivyo, maana hiyo ndiyo inayolisaidia, kwa kuwa awamu ya wimbi ni hatua iliyofikiwa katika mzunguko. Mwingiliano linafahamika kwa wanafasihi kupitia mwingilianomatini. Katika fizikia pia, mawimbi mawili hukutana na kila moja huacha alama katika matokeo. Kiwambo, kutokana na kitenzi wamba, lina fizikia sahihi ndani yake tangu zamani: ni kitu kilichovutwa kikakaza.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini istilahi iliyoorodheshwa bila kutumiwa katika maelezo marefu hubaki kama ngoma iliyowambwa isiyopigwa. Ubora wake hujulikana tu inapobeba hoja kutoka mwanzo hadi mwisho bila kumkwaza msomaji.

11.0 Hitimisho

Hadubini ya hologramu ya kidijitali hupima kimo na mtetemo kwa kuitunza sehemu ya nuru ambayo vyombo vingine huitupa. Wazo lake lilizaliwa mwaka 1947 kwa nia nyingine, likasubiri leza, kisha likasubiri kamera na kompyuta, na leo hutumika katika kuchunguza mashine za silikoni, masikio na seli za damu. Kiini chake ni kimoja: nuru iliyochelewa imebeba habari ya mahali ilikopita.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo haitoshi kuifanya lugha ieleze sayansi. Kazi hiyo hufanywa na waandishi na wanafunzi wake. Ni vyema basi vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viwaalike wenzao wa fizikia, uhandisi na utabibu, ili istilahi ziteuliwe mbele ya chombo chenyewe kikifanya kazi. Mwanafunzi wa fonetiki na mwanafunzi wa fizikia wote wawili huchunguza mtetemo. Kilichowatenganisha ni milango ya madarasa yao, si lugha.